Ruzuku za utafiti kwa ubia wa kampuni ndogo na vituo vya uhandisi vya vyuo vikuu Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu fedha za serikali ya shirikisho ya Marekani, hasa zinazopitia Wakfu wa Taifa wa Sayansi, NSF, ambao ndio hufadhili vituo vingi vya uhandisi vinavyotafuta wabia wa kibiashara. Viwango vya fedha hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo soma tangazo lenyewe kabla ya kupiga hesabu yoyote. Kanuni za mgawanyo wa kazi na umiliki hazibadiliki upesi hivyo, na kwa kuwa huko ndiko kampuni nyingi hukwama, tumezipa nafasi kubwa zaidi.

Vituo vya uhandisi vinavyozungumziwa hapa ni vipi?

Vinavyojulikana zaidi ni vile vya mpango wa ERC (Engineering Research Centers, vituo vya utafiti wa uhandisi), ambao vituo vyake vya kwanza vilianza mwaka 1985. Kituo kimoja huunganisha fani kadhaa, na mara nyingi vyuo kadhaa, kwenye tatizo moja kubwa. FREEDM cha North Carolina State University kilianza mwaka 2008 kikishughulikia gridi za umeme. QESST cha Arizona State University kilianza mwaka 2011 na kujikita kwenye umeme wa jua. NEWT cha Rice University kilianza mwaka 2015, kazi yake ikiwa kusafisha maji kwa nanoteknolojia. NSF hukifadhili kituo miaka mitano, na kikifaulu tathmini huongezewa mitano mingine, kisha hutakiwa kujitegemea. Vituo vinne vilivyotangazwa Agosti 2022 vilipewa dola milioni 26 kila kimoja kwa miaka mitano ya kwanza.

Aina ya pili ni IUCRC, yaani vituo vya utafiti vya ushirikiano wa viwanda na vyuo vikuu. Humo kampuni hulipa ada ya uanachama ya kila mwaka, NSF huchangia gharama za kuendesha kituo, na wanachama hushiriki kuchagua miradi itakayofanywa. Matokeo ni ya wanachama wote. Kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujifunza na kupata wanafunzi wa kuajiri, ila usipeleke huko wazo ambalo ndilo siri ya biashara yako.

Je, kituo chenyewe kinaweza kuipa kampuni yangu fedha?

Kwa kawaida hapana. Fedha za msingi za kituo hulipia watafiti, wanafunzi na vifaa vya chuo. Kampuni ndiyo huingiza ada. NSF imewahi kutoa miito maalumu ya kuunganisha ERC na kampuni ndogo, lakini miito hiyo huja na kupita, na si busara kujenga mpango wa biashara juu yake. Njia zilizozoeleka ni SBIR na STTR, mipango ya ruzuku za utafiti kwa kampuni ndogo, ambazo mwombaji ni kampuni, na PFI (Partnerships for Innovation, mpango wa NSF wa ubia wa ubunifu), ambayo mwombaji amekuwa chuo na kampuni huingia kama mbia. Katika PFI, tawi la ubia wa utafiti limekuwa likidai awepo mbia wa viwandani, hivyo kituo kinaweza kukutafuta wewe kabla hujakitafuta.

SBIR na STTR ni nini hasa?

SBIR ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wakala wa shirikisho unaotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwenye utafiti unaofanywa nje yake hutakiwa kutenga asilimia 3.2 kwa kampuni ndogo. STTR ilikuja kwa sheria ya mwaka 1992. Wakala wenye zaidi ya dola bilioni 1 hutenga asilimia 0.45, na humo kampuni inalazimika kuwa na taasisi ya utafiti kama mbia.

Mipango yote miwili huishi kwa kuongezewa muda na Bunge. Nyongeza iliyopitishwa mwaka 2022 ilikuwa na mwisho wa 30 Septemba 2025. Kabla ya kufanya lolote, ingia kwenye tovuti ya wakala unaoulenga uhakikishe kwamba unapokea maombi sasa hivi na kwa masharti gani.

Kampuni "ndogo" ni ipi?

Iwe ya kutafuta faida, iwe na ofisi Marekani, na isizidi wafanyakazi 500 ukijumlisha na kampuni zote zenye uhusiano wa umiliki nayo. Kipengele hicho cha uhusiano wa umiliki huangusha watu. Mwekezaji mwenye sauti ya mwisho kwenye kampuni yako na kwenye nyingine kubwa anaweza kukufanya uhesabiwe pamoja nayo, hata kama nyinyi wenyewe ni watu wanne.

Zaidi ya asilimia 50 ya umiliki iwe mikononi mwa raia wa Marekani au wakazi wa kudumu. Wakala kadhaa huruhusu kampuni inayomilikiwa kwa sehemu kubwa na mifuko ya uwekezaji; NSF hairuhusu.

Mimi si raia wala mkazi wa kudumu. Nimefungiwa kabisa?

Hujafungiwa. Sharti la uraia au ukazi linahusu umiliki wa kampuni. Mtafiti mkuu anatakiwa awe na ruhusa halali ya kufanya kazi Marekani, na hilo linaweza kutimia kwa viza. Tatizo la kawaida ni la aina ya viza: ile iliyofungwa kwa mwajiri mmoja, yaani chuo, haikupi haki ya kulipwa na kampuni uliyoianzisha. Zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuandika jina lako kwenye andiko, yaani ombi la ruzuku.

Nichague SBIR au STTR?

Anza na swali la nani atafanya kazi. Katika SBIR ya awamu ya kwanza (ruzuku ya kujaribu wazo), kampuni lazima ifanye angalau theluthi mbili ya kazi. Awamu ya pili (ya kuliendeleza), angalau nusu. Katika STTR kampuni hufanya angalau asilimia 40, na taasisi moja ya utafiti angalau asilimia 30. Asilimia 30 inayobaki mnaweza kugawana au kuwapa wengine. NSF hupima kazi kwa bajeti, kwa hiyo kauli kwamba "chuo kitasaidia sana" haina uzito kama haionekani kwenye fedha.

Chukua ruzuku ya dola 305,000, kiwango cha juu ambacho NSF ilikitangaza kwa awamu ya kwanza mwaka 2024. Kwa SBIR, yote yanayotoka nje ya kampuni, chuo na washauri wakiwemo, hayawezi kupita takriban dola 101,600. Kwa STTR, chuo lazima kipate angalau dola 91,500, na kampuni angalau dola 122,000. Ukilinganisha utaona jambo ambalo wengi hawalitarajii: SBIR nayo inaweza kubeba mbia wa chuo kikamilifu. Kama kituo kinahitaji dola 80,000 tu, SBIR inatosha na inakuepusha na makubaliano ya lazima ya haki za uvumbuzi yanayokuja na STTR. STTR inafaa pale ambapo moyo wa teknolojia bado uko maabara ya chuo na kampuni ina mikono michache.

Kosa la mara kwa mara ni kupanga bajeti hadi ukomo kamili. Mkaguzi akipunguza mstari mmoja wa kampuni, uwiano unavunjika na bajeti nzima inarudi kuandikwa upya. Acha nafasi ya asilimia mbili au tatu.

Kwa nini fedha za chuo huisha haraka hivyo?

Kwa sababu ya gharama za uendeshaji ambazo chuo hutoza juu ya gharama za moja kwa moja: majengo, umeme, uhasibu, ofisi za usimamizi. Kila chuo kina kiwango chake kilichokubaliwa na serikali, na kwa vyuo vikubwa vya utafiti kuzidi asilimia 50 ni jambo la kawaida. Tuseme kiwango ni asilimia 55 na unakipa chuo dola 91,500. Ukigawa kwa 1.55, kazi yenyewe inapata takriban dola 59,000. Dola 32,500 zinakwenda kwenye uendeshaji. Kwa dola 59,000 unapata mwanafunzi mmoja wa uzamivu kwa mwaka, vifaa vichache na muda kidogo wa profesa. Hupati timu.

Hesabu halisi ina vipengele vinavyopunguza makali. Karo ya mwanafunzi na vifaa vikubwa kwa kawaida havitozwi uendeshaji. Tangu Oktoba 2024, kanuni za shirikisho zinahesabu kifaa kuwa kikubwa kuanzia dola 10,000. Kabla yake ilikuwa 5,000. Muulize mhasibu wa idara akuandalie bajeti mapema. Profesa akikutajia kiasi kwa mdomo, mara nyingi anataja gharama za moja kwa moja tu.

Naweza kukodi vifaa vya kituo bila kuingia ubia?

Ndiyo, na wakati mwingine ndilo jambo la busara. Maabara nyingi za pamoja, za hadubini za elektroni au vyumba safi vya kutengenezea chipu, zina bei ya saa kwa wateja wa nje. Bei hiyo ni kubwa kuliko ya watafiti wa ndani, lakini unanunua huduma: unapeleka sampuli, unapewa data, na kwa mikataba mingi chuo hakidai sehemu ya uvumbuzi.

Mpaka uko kwenye ubunifu. Fundi wa maabara akifuata maelekezo yako, hiyo ni huduma. Akianza kubuni njia mpya ya kupima kwa sababu yako haikufanya kazi, anaweza kuwa mvumbuzi mwenza kisheria, na haki zake ziko kwa mwajiri wake. Andika maelekezo kamili kabla, na ukiona kazi inageuka kuwa utafiti, isimamishe ufunge mkataba wa utafiti.

Profesa anayemiliki hisa kwenye kampuni anaweza kuongoza mradi?

NSF inataka mtafiti mkuu awe ameajiriwa na kampuni angalau saa 20 kwa wiki, na atoe angalau mwezi mmoja wa kazi, yaani saa 173, kwa kila miezi sita ya mradi. Profesa wa muda wote hawezi kutimiza hilo bila likizo au kupunguziwa mzigo, na ruhusa hiyo lazima iandikwe na chuo. Ndiyo maana kampuni nyingi zilizozaliwa vyuoni huongozwa na mhitimu wa uzamivu wa maabara ileile, profesa akibaki mshauri wa kisayansi. Shahada ya juu si sharti kwa mtafiti mkuu.

Kuna mtego wa pili. Mwenye hisa, ofisa au mwajiriwa wa kampuni haruhusiwi kulipwa na ruzuku hiyohiyo kama mshauri au kupitia mkataba mdogo wa chuo (ule ambao kampuni hukilipa chuo kwa sehemu yake ya kazi), isipokuwa msimamizi wa programu wa NSF akubali. Profesa mwenye hisa aliyepanga kuongoza sehemu ya chuo na kulipwa mshahara wa mwezi wa likizo ya kiangazi kutoka humo anaupiga ukuta hapa. Suluhu ni profesa mwingine wa kituo asiye na maslahi kuongoza sehemu ya chuo, au kazi hiyo kufanyika bila malipo kwake, huku chuo kikiwa na mpango wa maandishi wa kusimamia mgongano wa maslahi.

Wanafunzi wanahitaji ulinzi wa pekee. Mwanafunzi anayesimamiwa na profesa mwenye hisa asifanye kazi za kampuni chini ya kivuli cha tasnifu. Vyuo vingi humteulia msimamizi wa pili. Jambo hilo likigundulika baada ya ruzuku kutoka, linaweza kuchukuliwa kama udanganyifu kwa serikali.

Nani atamiliki uvumbuzi?

Sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 inaruhusu kampuni ndogo na vyuo kubaki na umiliki wa uvumbuzi uliofadhiliwa na serikali. Mfanyakazi wa kampuni akivumbua, ni wa kampuni. Mfanyakazi wa chuo akivumbua, ni wa chuo. Wakivumbua pamoja, ni wa wote wawili, na hapo ndipo pagumu. Kwa sheria ya hataza (patent) ya Marekani, kila mmiliki mwenza anaweza kutumia hataza au kutoa leseni bila kumwomba mwenzake wala kumgawia mapato. Chuo kinaweza basi kumpa leseni mshindani wako. Na ukitaka kumshtaki anayekiuka, kwa kawaida wamiliki wote lazima wajiunge kwenye kesi, wakati vyuo vingi, hasa vya umma, havipendi kesi.

Kwa hiyo umiliki wa pamoja usiukubali kama jibu la kirafiki la kumaliza mjadala. Omba haki ya kwanza ya kujadili leseni ya kipekee, yenye muda unaotajwa, mathalani miezi sita hadi kumi na miwili tangu chuo kikujulishe uvumbuzi, na ueleze eneo la matumizi. Kwa STTR makubaliano ya mgawanyo wa haki ni ya lazima kabla ya fedha kutoka. Serikali ina kielelezo chake, na kuanza nacho hufupisha mazungumzo kwa wiki kadhaa.

Yapo majukumu yasiyosamehewa. Uvumbuzi uripotiwe kwa wakala ndani ya miezi miwili tangu mvumbuzi aujulishe uongozi kwa maandishi. Uamuzi wa kubaki na umiliki utolewe ndani ya miaka miwili, na ombi la hataza liwasilishwe ndani ya mwaka mmoja baada ya hapo, au mapema zaidi kama uchapishaji umeshaanza kuhesabu muda. Ripoti hupitia mfumo wa mtandaoni wa serikali uitwao iEdison. Ukichelewa, serikali inaweza kudai umiliki. Hata usipochelewa, serikali hubaki na leseni yake ya bure isiyo ya kipekee.

Wanachama wengine wa kituo wanaweza kudai teknolojia yangu?

Swali hili huulizwa na wachache kuliko inavyopaswa. Mkataba wa uanachama wa kituo huwapa wanachama haki fulani kwenye matokeo ya utafiti unaolipiwa na fedha za msingi za kituo: mara nyingine leseni isiyo ya kipekee, mara nyingine fursa ya kwanza ya kujadili leseni. Kama unachotaka kukuza kilizaliwa kwenye utafiti huo, mzigo wa haki za wanachama huja nacho. Leseni "ya kipekee" kutoka chuo inaweza kuwa na matundu ambayo hukuyaona.

Muulize ofisa uhusiano wa viwanda wa kituo mambo matatu, na majibu yawe kwa maandishi: ni fedha gani zililipia uvumbuzi wa awali, ni wanachama gani walikuwa hai wakati huo, na je, muda wao wa kudai umekwisha? Kisha hakikisha mradi wako mpya una akaunti yake chuoni, tofauti na ya kituo. Mwanafunzi anayelipwa nusu na ruzuku yako na nusu na fedha za msingi za kituo anachanganya haki pamoja na mishahara. Kumtenganisha kwa miezi sita ni nafuu kuliko kuwalipa mawakili baadaye.

Chuo kitataka kuchapisha. Siri zangu je?

Chuo hakitakubali kuzuiwa kuchapisha, na usipoteze wiki ukijaribu. Kinachokubalika ni kupewa rasimu mapema, kwa kawaida siku 30 hadi 60, ili uondoe taarifa zako za siri na uwasilishe ombi la hataza. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja baada ya kuchapisha. Nchi nyingi nyingine hazimpi hata siku. Ukitaka hataza Ulaya, ombi litangulie bango la mkutano, tasnifu na hata utetezi wa tasnifu ulio wazi kwa umma.

Njia rahisi ni kutokipa chuo siri ambazo hakizihitaji. Mpe mtafiti sampuli zenye namba badala ya fomula.

Kwa upande wa data, ripoti za SBIR na STTR zinalindwa miaka 20 tangu ruzuku itolewe, kwa mwongozo wa mipango hiyo wa mwaka 2019, mradi ziwe na maandishi ya angalizo yanayotakiwa. Ripoti isiyo na angalizo hilo inaweza kupoteza ulinzi. Weka maneno hayo kwenye kiolezo cha kampuni ili yasitegemee kumbukumbu ya mtu.

Sheria za kudhibiti teknolojia inayokwenda nje zinahusika vipi?

Utafiti wa msingi wa chuo, ambao matokeo yake huchapishwa kwa uhuru, kwa kawaida hauguswi na sheria hizo. Ukiweka kifungu kinachoipa kampuni mamlaka ya kuzuia uchapishaji, au kinachowakataza wanafunzi wa kigeni kushiriki, msamaha huo unaondoka, na kumwonyesha mwanafunzi wa kigeni teknolojia inayodhibitiwa kunaweza kuhesabiwa kama kuisafirisha nje ya nchi bila kibali. Kazi nyeti ibaki ndani ya kampuni. Chuo kipewe sehemu inayoweza kuchapishwa.

Usajili gani unahitajika, na unachukua muda gani?

Kwanza SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wanaofanya kazi nayo, ambako kampuni hupata namba ya utambulisho UEI, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS tangu Aprili 2022. Kisha sajili ya kampuni za SBIR, halafu Research.gov, tovuti ya kuwasilisha maombi, kwa NSF. Anza na SAM.gov kwa sababu nyingine zote huiegemea. Huchukua wiki kadhaa na hukwama kwa jambo dogo: jina au anwani ya kampuni ikitofautiana na kumbukumbu za mamlaka ya kodi, hata kwa nukta au kifupisho, ombi hurudishwa. Nakili jina kama lilivyo kwenye barua ya namba ya mlipakodi.

Usajili ni bure na huhuishwa kila mwaka. Barua pepe zinazokudai mamia ya dola "kukamilisha SAM" zinatoka kwa wafanyabiashara binafsi.

Maombi ya NSF huanzaje?

Kwa muhtasari mfupi wa mradi unaojazwa mtandaoni. Una sehemu nne: ubunifu wa kiteknolojia, malengo na changamoto za kiufundi, soko, na kampuni na timu. Mbili za kwanza zina ukomo wa herufi 3,500 kila moja, mbili za mwisho 1,750. Ukialikwa ndipo unaandika andiko kamili. Muhtasari hauhitaji bajeti wala mkataba na chuo, kwa hiyo ni njia ya bei nafuu ya kujua kama wazo lako linafaa kabla ya kuwasumbua watu wa kituo.

Sehemu ya pili huandikwa vibaya kuliko zote. Wakaguzi wanatafuta hatari ya kiufundi: ni nini hakijulikani, na utakijuaje? "Tutajenga kifaa na kukijaribu" ni kazi ya uhandisi wa kawaida. "Utando huu hupoteza nusu ya mtiririko baada ya saa 200 kwa sababu ya chumvi kuganda, tutapima kama mipako ya unene tofauti inazuia hilo" ni swali la utafiti lenye kipimo. (Takwimu hizo ni za mfano.)

Nizungumze na nani chuoni kwanza?

Ofisa uhusiano wa viwanda wa kituo, kisha profesa, kisha watu wawili ambao wengi huwasahau hadi wiki ya mwisho: ofisi ya ruzuku za utafiti na ofisi ya leseni. Profesa hana mamlaka ya kukifunga chuo kisheria. Barua yenye sahihi yake pekee haitoshi. Inatakiwa sahihi ya ofisa aliyeidhinishwa, na ofisi yake kwa kawaida hutaka nyaraka siku tano hadi kumi za kazi kabla ya tarehe ya mwisho. Inachohitaji ni maelezo ya kazi ya ukurasa mmoja au miwili, bajeti na maelezo ya bajeti. Ratibu tarehe hiyo ya ndani kana kwamba ndiyo ya mwisho.

Kwa nini maandiko ya ubia hukataliwa?

Sababu inayojirudia ni mgawanyo wa kazi usioaminika. Andiko linasema kampuni itafanya asilimia 60, lakini kampuni haina maabara, mfanyakazi pekee ni mwanzilishi, na kila jaribio linaelezwa kufanyika kwenye chumba cha chuo. Mkaguzi anaona andiko la chuo lililovaa koti la kampuni. Kodisha nafasi ya kweli, hata kama ni meza mbili na kabati la kutolea hewa kwenye jengo la kampuni changa, na uonyeshe ni majaribio yapi yatafanyika hapo.

Nyingine ni soko lililoelezwa kwa mabilioni ya dola bila mteja hata mmoja aliyezungumziwa kwa undani. Mpango wa NSF uitwao I-Corps, ulioanza mwaka 2011, hufundisha timu za vyuo kuhoji wateja wapatao 100 ndani ya wiki saba, na andiko la timu iliyopitia huko hutambulika haraka. Barua za wateja zinazotaja tatizo na kipimo cha mafanikio zina nguvu. Barua zinazosema "tunaunga mkono" hazina.

Nikishinda, fedha zinaingia mara moja?

Hapana. Kati ya kupendekezwa na kupata fedha kuna ukaguzi wa kifedha. Wataangalia kama kampuni ina mfumo wa hesabu unaotenga gharama kwa kila mradi, na kama kila mfanyakazi, mwanzilishi akiwemo, anajaza saa zake kila siku. Kumbukumbu za saa zilizojazwa kwa mkupuo mwisho wa mwezi ni tatizo ambalo wakaguzi hulikuta sana. Tenga nusu mwaka kutoka kuwasilisha andiko hadi fedha ya kwanza, na uwe na mtaji wa kupita kipindi hicho. NSF huruhusu kampuni kujumuisha faida ya hadi asilimia 7 ya gharama. Iombe, kwa sababu ndiyo inayoweza kulipia ada za hataza na mambo mengine ambayo bajeti ya mradi haiyaruhusu.

Chuo nacho hakianzi kazi siku hiyo. Mkataba mdogo huchukua wiki kadhaa kusainiwa, na wanafunzi hupangwa kwa mihula. Ruzuku ikianza Oktoba, mwanafunzi anayefaa huenda akapatikana Januari. Katika mradi wa miezi kumi na miwili, robo nzima imekwenda. Panga kazi za kampuni zitangulie, za chuo zifuate.

Ankara za chuo nazo huchelewa. Andika kwenye mkataba kwamba zije kila mwezi na ya mwisho ifike ndani ya siku 45 baada ya kazi kwisha, la sivyo utaandika ripoti ya mwisho bila kujua umetumia kiasi gani.

Mwanafunzi au profesa akiondoka katikati?

Mabadiliko ya mtafiti mkuu wa kampuni yanahitaji idhini ya wakala kabla. Kwa upande wa chuo, taja jina la mbadala kwenye mkataba. Profesa akihamia chuo kingine, mkataba haumfuati wenyewe. Chuo cha kwanza kinaweza kubaki na vifaa pamoja na data. Omba tangu mwanzo data ghafi kila baada ya miezi mitatu.

Baada ya awamu ya pili kuna nini?

Awamu ya tatu haina fedha za SBIR wala STTR, lakini ina haki ambayo kampuni nyingi huisahau: wakala wa serikali unaweza kununua kutoka kwako, bila kushindanisha wazabuni wengine, kitu kinachotokana na kazi ya awamu za mwanzo, na hakuna ukomo wa kiasi. Ofisa ununuzi huenda asiijue haki hiyo. Mpelekee namba ya ruzuku yako na maelezo ya ukurasa mmoja yanayoonyesha jinsi bidhaa ilivyotokana na kazi hiyo. Ikiwa sehemu ya bidhaa iko chini ya leseni ya chuo, hakikisha leseni hiyo inaruhusu kuuza kwa serikali. Na kama ni leseni ya kipekee ya kutumia au kuuza ndani ya Marekani, sheria inataka bidhaa itengenezwe kwa sehemu kubwa nchini humo, isipokuwa wakala utoe msamaha.